Je, Yampasa Mtu Kufanya Yote Ili Asife?



Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo mmekwisha kufundishwa Amri ya Tano. Mwajua kwamba Mungu hakatazi tu kumwua jirani. Akataza pia mtu kujiua mwenyewe, na kuuharibu mwili wake kwa uzembe. Uhai si mali yetu. Tumekabidhiwa tu, kama vile mtu akabidhiwavyo shamba la mwenzake alilime na kulilinda mpaka mwenyewe arudi safari.

Hayo ni wazi. Walakini katika fundisho hilo huzaliwa swali gumu, na katika vijiji vya Butembo na Beni swali hilo huulizwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, ingawa huulizwa kwa sauti ya chini, usiku, mgonjwa akiwa amelala chumba cha pili. Ikiwa uhai ni wa Mungu, je, yatupasa kufanya kila kitu kinachowezekana ili mgonjwa wetu asife? Na yule asiyekubali kufanyiwa yote, je, amejiua?

Ili tulifahamu vema swali hilo, nataka kwanza kuwapeleka mbali kidogo, mpaka kwenye chombo kimoja ambacho wengi wenu hamjapata kukiona. Kisha tutarudi nyumbani, maana jambo lenyewe li nyumbani kwetu.

Moyo wa mtu ni mkubwa kama ngumi yake. Hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja, na kila dakika husukuma karibu lita 5 za damu. Kuna moyo unaosimama ghafula. Wakristu wengi wa jimbo la Butembo-Beni wakumbuka jinsi Mhashamu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wao tangu 1966 mpaka 1997, kisha askofu mkuu wa Bukavu, alivyokufa kwa moyo tarehe 4 Oktoba 2000 akiwa Roma. Kifo cha namna ile hakimwachii mtu nafasi ya kuuliza lolote. Lakini kuna moyo unaochoka polepole, na huo ndio uletao maswali ya dhamiri. Damu haisukumwi tena kwa nguvu, basi hukaa nyuma, kama maji ya mfereji ulioziba. Miguu huvimba. Tumbo hujaa maji. Mgonjwa hawezi kulala chali, bali hukaa usiku kucha ameegemea ukuta akitafuta pumzi. Nani kati yenu hajamwona mtu wa namna hiyo?

Ugonjwa huo watoka wapi? Mara nyingi watoka katika shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila dawa. Pengine hutoka katika homa iliyomshika mtoto baada ya kuumwa koo, ikaharibu milango midogo iliyomo ndani ya moyo wake. Pengine humpata mama katika miezi ya mwisho ya mimba, au miezi michache baada ya kuzaa. Nazitaja sababu hizi kwa makusudi, kwa kuwa jirani hutaja nyingine: atasema mgonjwa amepewa sumu sokoni, au shangazi yake amemwonea kijicho. Shangazi huyo hana kosa lolote, naye pia ana miguu inayoanza kuvimba.

Basi, madaktari walifikiri hivi: ikiwa moyo ni kama pampu, kwa nini usisaidiwe kwa pampu? Mwaka 1966, katika mji wa Houston huko Marekani, Dakta Michael DeBakey alimwekea mwanamke mmoja wa Mexico pampu iliyousaidia moyo wake kwa muda wa siku 10. Kisha ikaondolewa, na mama yule akaenda zake akiwa mzima. Pampu za zamani hizo zilikuwa kubwa, tena ziliiga moyo kwa kupiga na kupumzika, kupiga na kupumzika; ndiyo sababu zilichakaa upesi.

Njia nyingine ilitoka katika kijiji cha Afrika. Mwaka 1976 Mmarekani mmoja, Richard Wampler, mtu mwenye elimu ya uganga na ya ufundi, alikuwa Misri katika safari ya kimisioni. Akawaona wanakijiji wakipandisha maji ya mto kwa parafujo kubwa iliyo ndani ya bomba: waizungusha, na maji yapanda mpaka shambani. Akajiuliza kama damu nayo haiwezi kupandishwa vivyo hivyo. Wenzake walimwambia kwamba chombo kinachozunguka kwa kasi kitaisaga damu iharibike. Hata hivyo mwaka 1988 pampu yake ndogo ilitumika kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mtu, na damu haikuharibika. Twapenda kusema kwamba maarifa yote hutoka Ulaya na kuja kwetu. Wakulima wale wa mto Nili hawakujua kwamba siku ile walikuwa wakimfundisha daktari.

Pampu inayotumika sana siku hizi huitwa HeartMate 3. Ilikubaliwa Marekani kwa matumizi ya miaka mingi mwaka 2018. Daktari huishona kwenye ncha ya moyo, upande wa kushoto. Ndani yake gurudumu dogo laelea kwa nguvu za sumaku, halikugusa kitu, nalo lazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Huvuta damu kutoka moyoni na kuipeleka katika mshipa mkuu. Waya mmoja hutoka tumboni, hupenya ngozi, na kufika kwenye kisanduku kinachoiongoza pampu, na kwenye betri mbili ambazo mgonjwa huzivaa mwilini mchana kutwa.

Hapa ndipo linapoanza jambo la kushangaza. Kwa kuwa pampu haipigi bali yazunguka, damu ya mtu huyo hutiririka kama maji ya kijito. Mara nyingi ukimshika mkono kutafuta mapigo ya mshipa, huyapati. Ukitega sikio kifuani pake, wasikia mvumo, kama wa nyuki walio mzingani. Naye ameketi mbele yako, akinywa chai, akikuuliza habari za watoto.

Je, mtu huyo yu hai? Wazee wetu walipotaka kujua kama mtu amekufa, walimshika mkono. Walifanya vema, maana hawakuwa na njia nyingine. Lakini sasa twaona kwamba mapigo ni alama ya uhai tu, kama moshi ulivyo alama ya moto jikoni. Moshi waweza kukosekana, na jiko likawa limewaka.

Tena mtu atauliza: kama moyo wake wasukumwa na chuma, je, aweza bado kupenda? Swali hili si la kipumbavu. Katika lugha zetu neno ni lile lile. Waswahili wasema mtu ana moyo mgumu, au moyo mweupe. Na Wanande wasemapo omutima, huenda wataja nyama iliyomo kifuani, na huenda wataja mapendo na ushujaa wa mtu. Mwingereza mmoja, Peter Houghton, aliwekewa pampu huko Oxford mwezi Juni 2000, akiwa mtu wa miaka 61 ambaye madaktari walikuwa wamemkatia tamaa. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuwekewa pampu ya kuzunguka, si kwa kungojea kupewa moyo wa mtu mwingine, bali ili iwe yake mpaka kufa. Waya wake ulitokea nyuma ya sikio, ukifungwa katika mfupa wa kichwa. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 7, mpaka Novemba 2007. Alitembea milimani, aliwakusanyia wagonjwa wengine fedha, aliandika kitabu juu ya kufa na kutokufa. Imesimuliwa pia kwamba siku moja mwizi alimnyang'anya mkoba wenye betri. Mara king'ora cha pampu kikalia kwa nguvu, na mwizi akautupa mkoba, akatimua mbio.

Mtu huyo alisema wazi kwamba hakuwa kama zamani. Alijiona amepoa katika mambo ya mapendo, na kuna nyakati alizotamani kufa. Wengine wakasema: mwaona, mapendo yalikuwa ndani ya mapigo! Mimi siafiki. Mtu aliyekwisha kujitayarisha kwa kaburi, kisha akarudishwa duniani akiwa na waya kichwani, hawezi kurudi vile vile alivyoondoka. Nani kati yetu angeweza? Kanisa lafundisha kwamba roho haikai katika chumba kimoja cha mwili kama mtu akaavyo nyumbani. Roho hutia uhai mwili wote. Tena mtu aliyepoa moyoni, lakini azunguka akiwachangia fedha wagonjwa asiowajua, mimi simwiti mtu asiyependa.

Sasa tutazame maisha ya kila siku ya watu hao, maana hapo ndipo swali letu linapokaribia. Mchana mgonjwa hubeba betri zake; zikiisha baada ya saa kumi na kadhaa, hana budi kuwa na nyingine zilizojaa. Usiku hulala ameunganishwa na umeme wa nyumba. Hawezi kuoga mtoni wala kuogelea. Mahali waya upenyapo ngozi, kidonda hakifungi kabisa. Lazima kisafishwe na kufunikwa upya kwa mikono safi, mara nyingi mikono ya mke au ya binti, juma kwa juma, maisha yote. Hunywa dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya pampu. Ikizidi, atatoka damu tumboni. Ikipungua, atapata kiharusi. Kwa hiyo damu yake hupimwa mara kwa mara. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 waliowekewa HeartMate 3, wapata 58 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ni faida kubwa kwa watu ambao wengi wao wangalikufa katika mwaka mmoja au miwili. Lakini gharama ya pampu na upasuaji hupita dola 100,000, na kazi ya kuitunza haimwangukii mgonjwa peke yake. Mtu mwenye pampu ya moyo ni mtu anayeishi kwa mikono ya wengine, na nyumba yake yote huishi kwa saa ya betri.

Ichukueni basi pampu hiyo kwa mawazo mpaka Butembo. Mji huu wenye biashara nyingi ulikaa miaka mingi bila umeme wa serikali, watu wakitegemea jenereta na mabamba ya jua. Ichukueni mpaka vijiji vya Beni, ambako tangu mwaka 2014 familia nyingi zimelazimika kukimbia usiku, huku mama ameshika mtoto, baba ameshika sufuria. Mtu akimbiaye porini, betri yake itajazwa wapi? Chombo kile kile kimpacho mtu wa Oxford miaka 7 ya kutembea milimani, kwetu kingempa hofu ya usiku mmoja.

Tusiseme kwamba kwa hiyo chombo ni kibaya. Tuseme kwamba wajibu wa mtu hauandikwi juu ya chombo. Jambo hili Kanisa lilikwisha kulifikiri kabla umeme haujajulikana. Padri Francisco de Vitoria, Mdominiko, mwalimu wa Salamanca huko Hispania, aliyekufa mwaka 1546, alijiuliza juu ya mtu aliyeambiwa na daktari kwamba akila kuku ataishi miaka mingi zaidi. Je, atenda dhambi akiendelea kula chakula cha kawaida cha watu wa kwao? Akajibu kwamba hatendi dhambi. Tena akafundisha kwamba mtu halazimiki kutoa urithi wake wote ili kununua dawa ya kuongeza siku zake. Napenda sana kwamba mwalimu mkubwa vile alizungumza juu ya kuku. Nyumba ngapi za kwetu zina kuku mmoja tu, naye amewekewa karo ya shule!

Baadaye, tarehe 24 Novemba 1957, Baba Mtakatifu Pio XII alijibu maswali ya Dakta Bruno Haid wa Innsbruck, juu ya mashine za kuwapumulisha wagonjwa. Alifundisha kwamba mtu yampasa kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida. Njia zisizo za kawaida zaruhusiwa, lakini hazilazimishi. Na njia ya kawaida ni ipi? Ni ile isiyomtwika mgonjwa, wala watu wengine, mzigo mzito mno, kadiri ya hali ya mtu, ya mahali na ya wakati. Yashikeni maneno hayo: mtu, mahali, wakati. Mwaka 1980 Idara ya Mafundisho ya Imani iliongeza kueleza kwamba mgonjwa aweza kukataa tiba kwa sababu hataki kuitwika jamaa yake gharama kubwa kupita kiasi, na kwamba kukataa hivyo si kujiua.

Sasa tumerudi nyumbani. Tuchukue mfano. Yuko mzee mmoja katika kilima fulani kati ya Butembo na Beni, ambaye moyo wake umechoka. Hospitali imempa dawa, naye amepata nafuu kidogo. Lakini mtu mmoja amewaambia watoto wake kwamba Kampala, huko Mulago, kuna hospitali ya moyo; wavuke mpaka wa Kasindi, wampeleke, huenda akapasuliwa akapona. Daktari wa kwao amewaeleza kwa uaminifu kwamba moyo umechakaa wote, na kwamba upasuaji hautabadili mengi. Safari, malazi na tiba zitamaliza bei ya shamba la kahawa, na shamba hilo ndilo linalowalisha wana watatu, na mjane wa mwana wa nne, na watoto wake.

Usiku wanakutana. Mwana mkubwa asema, "Baba, tusipouza, watu watasema kwamba tumekuua."

Mzee ajibu, "Mwanangu, watu watasema tu. Mkiuza, watasema mlikuwa na shamba mkalila. Mimi nimekula kahawa hii miaka arobaini. Waacheni wajukuu wangu waile."

"Lakini Baba, Mungu hatatudai?"

Basi, tuwajibu wote wawili. Mzee hakujiua. Hakutamani kifo, alipima mzigo na tumaini, akaona mzigo ni mkubwa na tumaini ni dogo, na kwamba mzigo wenyewe ungebebwa na watoto wa marehemu. Hilo ni neno la baba wa nyumba. Na watoto hawakumwua, wakimsikiliza. Laiti wangaliuza shamba kwa kuogopa maneno ya kisimani, wangalifanya jambo kubwa kwa sababu ndogo. Nimeona kwamba mara nyingi ng'ombe wa mwisho huuzwa si kwa ajili ya mgonjwa, bali kwa ajili ya matanga, ili ukoo uweze kusema mbele ya watu, "Tulifanya yote." Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

Lakini, mwangalie! Mfano huu ungekuwa mwingine, jibu nalo lingekuwa lingine. Kama si mzee bali ni binti wa miaka 12, ambaye moyo wake wote ni mzima isipokuwa mlango mmoja ulioharibika, na madaktari wasema upasuaji utampa maisha marefu, na ndugu wa mbali wako tayari kuchanga, hapo tumaini ni kubwa na mzigo wagawanyika. Baba asemaye, "Ni mtoto wa kike tu, tusijisumbue," hawezi kujificha nyuma ya mafundisho ya Pio XII. Twapaswa kumpima mtu huyu, mahali hapa, wakati huu. Hatupimi kwa thamani tunayompa mtu machoni petu.

Tena kuna kosa lililo kinyume cha kuuza yote, nalo katika vijiji vyetu ni kubwa zaidi. Ni kudharau njia ndogo. Kidonge cha kupunguza maji mwilini, furosemidi, si mashine ya Oxford. Dawa za shinikizo la damu zinywewazo kila siku si mashine ya Oxford. Mtoto aliyeharibika moyo kwa homa ya koo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, ili homa isirudi ikamalizia kazi yake. Kumkosesha sindano hiyo kwa sababu mvua inanyesha ni jambo zito mbele ya Mungu. Vilevile chumvi. Mgonjwa wa moyo akila makayabo na bugali kila jioni, maji yatarudi miguuni hata kama amemeza vidonge vyake vyote. Mama wa nyumba amlowekee samaki usiku kucha na kumwaga maji mara kadhaa, au afadhali ampe maharagwe yaliyopikwa bila chumvi, ingawa atanung'unika. Tena mgonjwa apimwe uzito mara kwa mara kwenye zahanati: akiongezeka kilo mbili katika siku chache, ni maji hayo, si kunenepa, apelekwe upesi. Hizo ndizo njia za kawaida, hapa, sasa. Hizo zatulazimisha.

Na kuna vyumba vya maombi ambako mgonjwa huambiwa atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani. Hapo nasema bila kuficha: yule atoaye shauri hilo amejitwika damu ya mtu. Kumwombea mgonjwa ni kwema sana, na kidonge hakimzuii Mungu kusikia.

Limebaki swali moja gumu, ambalo wenye elimu wenyewe hawakubaliani wote. Mtu aliyekwisha kuwekewa pampu, kisha akapatwa na kiharusi kikubwa, hana tena fahamu, viungo vyote vimeanza kufa, na pampu yaendelea kuzunguka tu. Je, yaruhusiwa kuizima? Wako wanaosema kwamba pampu imekuwa sehemu ya mwili, kwa hiyo kuizima ni kuua. Wengine wasema kwamba yabaki kuwa tiba, na tiba isiyoleta tena faida yaweza kukomeshwa. Mimi nawaafiki hao wa pili. Tamko la mwaka 1980 laruhusu kuacha tiba ambayo matunda yake yamekuwa madogo kuliko ilivyotumainiwa, baada ya kusikiliza mgonjwa, jamaa na madaktari. Azimaye pampu hapo hatafuti kifo. Auacha ugonjwa umalize njia ambayo ulikuwa umezuiwa kwa muda. Lakini kumzimia pampu mtu ambaye aweza kuishi, azungumzaye na kula, kwa sababu tu amechosha watu, au kwa sababu yeye mwenyewe amekata tamaa katika saa ya giza, hilo ni jambo jingine kabisa. Houghton alikuwa na saa za giza. Waliokuwa karibu naye hawakuziita neno lake la mwisho, na miaka yake iliendelea.

Mwaona kwamba kutolazimika kutumia mashine hakuna maana ya kumwacha mgonjwa. Tena hakuna maana kwamba yote yamegawanywa kwa haki. Kwamba mtu wa Oxford aweza kuchagua, na mzee wa kilimani hana la kuchagua ila shamba la wajukuu, hilo halikuandikwa na Mungu. Limeandikwa na watu, kwa njia mbovu, kwa dawa zisizofika, kwa vita na kwa fedha zilizopotea njiani. Mtu halazimiki kupanda mti usiopandika, lakini aliyekata matawi yake yote ya chini atajibu.

Watoto wa yule mzee wauliza pia kama padri atakubali kumzika, na kama katekista atamwandika miongoni mwa wale wa kubatizwa Pasaka, kwa maana naye ni mkatekumeni kama ninyi. Bila shaka. Asingoje hata Pasaka, ikiwa pumzi yapungua. Katekista aende kumwita padri upesi, na akichelewa, abatize mwenyewe. Wakati huo wana wafanye zamu. Mmoja amwekee mito mitatu mgongoni apate kulala ameinuka. Mwingine apeleke kahawa sokoni, anunue vidonge vya miezi mitatu kabla fedha haijaingia katika mambo mengine. Na mjukuu mmoja akae karibu usiku, maana mtu asiyeweza kulala chali hupenda kuwa na wa kuzungumza naye.